Herufi Kibonge za Soli ya Ndala

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepata wazo. Mke wangu ameliona usoni mwangu kabla sijafungua mdomo, akaniomba kwa upole ninywe chai kwanza, huenda likapita. Nimekunywa vikombe viwili. Halikupita.

Habari yenyewe ni hii. Paa la soko lililoungua mwaka jana limekwisha kujengwa upya, na Mwenyekiti wa soko, mama ambaye hata mbuzi wakimwona hujipanga foleni, anataka vibanda vyote arobaini viwe na vibao vya mtindo mmoja wa herufi. Anasema amechoka na soko linaloonekana kama daftari la mtoto wa chekechea. (Nusu ya vibao vya zamani niliviandika mimi.) Jumamosi saa nne asubuhi atachagua kati ya watu wawili. Mmoja ni mimi, mwandishi wa mabango kwa brashi, mwaka wa ishirini na sita huu. Mwingine ni Bwana Mashine wa ng'ambo ya barabara, mwenye mashine ya kuchapa mabango ya plastiki na feni ya kumpepea yeye mwenyewe.

Bwana Mashine anaweza kutoa vibao arobaini kabla ya chakula cha mchana. Mimi kwa brashi nahitaji mwezi mzima na mgongo mpya.

Nikikosa kazi hii, basi tena. Mke wangu ameshaelewana na kaka yake, shemeji yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi: nafunga karakana, naingia nyuma ya kaunta yake kupima misumari. Kuna aproni. Ya kijani. Shemeji ameshaileta niijaribu. Imenikaa vizuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Kwa hiyo, wazo! Nitatengeneza herufi zangu mwenyewe. Nene, zenye vitambi na miguu mifupi, zimeinama kidogo kama zinacheka. Si kama zile za Bwana Mashine, zimesimama wima kama watu wanaosubiri sindano. Nimeshazipa jina: Kibonge. Nitazichonga kwa soli za ndala, nibandike kila moja kwenye kipande cha mbao, nichovye kwenye rangi, nigonge. Pu! Herufi. Pu! Nyingine. Kibao kizima dakika mbili, na bado kinaonekana kimetoka mkononi mwa binadamu.

Nimepita kwa Mwenyekiti kumtangazia kwamba enzi ya brashi imekwisha. Ameniuliza kama naumwa.

Tatizo dogo moja. Sina ndala za kutosha.

Jumanne, 5 Agosti

Siku tukufu!

Asubuhi nimezunguka nyumba nzima. Zangu, za mke wangu za bafuni, za binti zetu watatu, za wageni. Nimechukua za kushoto tu. Mimi si mtu mbaya. Sikutaka kumwacha mtu peku.

Nyingine nimepewa na fundi viatu wa pale kona, kutoka kwenye lile fungu la ndala ambazo wenyewe walizikatia tamaa. Nimemwomba na gundi. Ameniuliza nataka ile ya kubandukabanduka au ile ya kuzikwa nayo. Nimesema ya kuzikwa nayo. Akaniangalia, akanipa kopo zima.

Herufi ishirini na nne. Q na X nimeziacha, kwani zimewahi kunisaidia nini? Ndogo nimepata mbili kwa soli moja. Shida ikawa M. Kibonge akiwa M anataka nafasi ya kukaa, na kila soli niliyojaribu iliishia kwenye goti la pili. Hapo ndipo shemeji alipokuja kuulizia aproni.

Shemeji anavaa namba arobaini na sita. Ndala yake ni nene kama godoro la hospitali. Kisiginoni ameichoma nyota kwa msumari wa moto ili watu wasimwibie. Aliziacha mlangoni, akaingia kuongea na dada yake kuhusu maisha yangu, na maongezi yakanoga. Nilikuwa na dakika arobaini. M imetoka safi kabisa!

Alipotaka kuondoka akatafuta, akainama, akachungulia chini ya ngazi, akasema lazima ni mbwa. Akaenda zake na ndala moja, akimlaani huyo mbwa mpaka kona. Hatuna mbwa.

Jioni, zote zimebandikwa. Zinapendeza jamani. Kila herufi ina tundu pale ilipopita kamba ya ndala, kwa hiyo ikigongwa inabaki na kijicho cheupe. Kana kwamba inakuangalia. Ya kwanza nimegonga nyuma ya kalenda kwa heshima ya mke wangu: MAMA. Pu, pu, pu, pu. Mke wangu akatabasamu, mara ya kwanza tangu aproni iingie nyumbani. Akauliza kwa nini M ina nyota. Nimemwambia ni ubunifu.

Jumatano, 6 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Nimeamka mapema, nimechukua ubao mzuri niliokuwa nautunza, nikagonga jina la herufi zangu: KIBONGE. Nikarudi nyuma hatua tatu kulitazama kama wanavyofanya wasanii.

K imenipa mgongo. B imempa mgongo O. N imelala upande mbaya. G na E zimegeukia zilikotoka, kama watu waliosahau kitu nyumbani.

Kwanza nikailaumu rangi. Halafu ubao. Halafu fundi viatu. Nikageuza ubao juu chini, ikawa mbaya zaidi. Imenichukua mpaka saa tatu kukubali kilichotokea. Miaka ishirini na sita nimeandika kwa brashi, na kwa brashi unachokiona ndicho unachokipata. Muhuri si brashi. Muhuri unatoa kila kitu kinyume, kama kioo. Nilichonga herufi zote zikitazama nilikozoea, na sasa zikigongwa zinatazama kwingine.

Si zote. Nimekaa chini nimehesabu. A, H, I, M, O, T, U, V, W, Y: hizi hata ukizigeuza ni zilezile. Zinainama kushoto badala ya kulia, basi. Mlevi anayekwenda na mlevi anayerudi, nani atawatofautisha? Herufi kumi zinanitii. Kumi na nne zimeasi.

Nimejaribu kuzibandua zilizoasi. Maji ya moto. Kisu cha jikoni. Maneno makali. E imepoteza mguu wa chini, sasa ni F, nayo inatazama kinyume. Kwa hiyo nina F mbili mbovu na sina E.

Nikaenda kwa fundi viatu, nikamuuliza, kwa niaba ya rafiki yangu, mtu anabanduaje ile gundi. Akacheka mpaka akaweka sindano chini. Amesema huyo rafiki yangu amuulize aliyempa gundi, na aliyempa ni yeye, na yeye hajui.

Kuchonga upya? Kwa soli zipi? Nyumba nzima wanatembea na ndala moja moja. Ukiwa karakana unawasikia ukumbini: pa... pa... pa. Kama jeshi linalorudi limeshindwa. Mke wangu ameuliza mara nne. Nimemwambia hata mimi yangu siioni, na hapo sikudanganya.

Alipoona ubao wenyewe, aliuliza swali moja tu. Je, sina brashi? Si nimalizie hizo kumi na nne kwa brashi kama mtu mwenye akili zake? Nimemkumbusha kwamba nilishamtangazia Mwenyekiti kuwa enzi ya brashi imekwisha. Akaenda zake. Pa... pa... pa.

Halafu, saa kumi jioni, wazo la pili! Kama siwezi kubadili herufi, nitabadili soko.

Nimeandika orodha. Kwa herufi zangu kumi zilizo tiifu naweza kuandika MAYAI. Naweza kuandika VIATU, MAUA, MTAMA, MIWA. Naweza kuandika VYOO, na soko lina vyoo. Naweza pia kuandika MAITI na MAUTI, ila sidhani kama kuna kibanda cha hayo.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeshinda sokoni, nakwenda kibanda kwa kibanda na kalamu sikioni. Nimewaambia wote kwamba siku hizi mnunuzi hasomi majina ya zamani. Anataka jina fupi, la kisasa.

Muuza mayai, hakuna shida. Muuza viatu, hakuna shida. Muuza miwa, hakuna shida. Mama wa maua amefurahi mpaka akanipa ua, nikalitembeza soko zima nimelishika kama bwana harusi aliyepotea njia. Mwenye nguo amekubali VAA badala ya NGUO. Amesema ni kama amri, na wateja wake wanahitaji kuamrishwa.

Kuanzia hapo mambo yakachacha.

Muuza nyama nimempa HII TAMU. Akataka kujua ipi. Nikasema hii, nyama. Akasema basi andika nyama. Tumezunguka hapo robo saa.

Muuza mkaa nimempa MOTO. Nilidhani nimemfanyia hisani. Akaweka gunia chini taratibu, akaniuliza kama kweli, katika soko lililoungua juzijuzi, chini ya paa ambalo halijapata hata kutu, nataka aweke kibao kinachosema moto. Watu wakaanza kutukusanyikia. Nikaondoka na ua langu.

Muuza samaki ndiye aliyenimaliza. Dada mwenye mikono mipana, anaparua magamba huku anakutazama wewe, si samaki. Nimempa VITU VYA MTO. Kwanza, akasema, samaki wake wanatoka ziwani, na wakisikia wameitwa wa mto wataona wametukanwa. Pili, miaka kumi na tisa ameuza samaki kwa jina la samaki, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Tatu, S ina ubaya gani? Nikamwambia S imepitwa na wakati. Akaniangalia kama anavyomwangalia samaki anayesemekana ni wa leo.

Jumla: vibanda vitano, na vyoo. Bado thelathini na tano. Lakini Jumamosi Mwenyekiti anataka kuona mfano tu. Nitagonga yanayogongeka, atapenda, atatia sahihi, mengine tutayajua mbele ya safari.

Ijumaa, 8 Agosti

Bwana Mashine kaja karakana. Na soda mbili. Ananiita mzee wangu. Mimi! Nimemzidi miaka kumi na mitano tu, labda kumi na minane.

Akaniuliza kwa upole kwa nini mwenye nguo anatamba sokoni kwamba kibanda chake sasa kinaitwa VAA. Nikajibu mitindo hubadilika. Wakati huohuo natupa shuka juu ya meza kuficha herufi, lakini K ilikuwa sakafuni nilikoirusha Jumatano. Akaiokota. Akaigeuza. Akapitisha kidole kwenye kitambi cha herufi, akachungulia kwenye kijicho chake. Akasema hajaona herufi nzuri kama hii tangu azaliwe, na zake zote hununuliwa zikiwa tayari. Akaiweka mezani, akaaga.

Ujasusi mtupu. Sijalala mchana kwa hasira. Soda nimekunywa zote mbili, maana ya kwake aliisahau.

Nimelipiza. Nimewaambia watu wawili kwamba plastiki yake ikipigwa na jua inanuka. Mmoja alikuwa mama yake mzazi. Sikujua.

Shemeji amepita saa kumi, amevaa viatu na soksi kwenye joto hili. Amemrudishia dada yake aproni aliyoichukua Jumanne, sasa imepigwa pasi, ina kibandiko kifuani kimeandikwa MSAIDIZI. Akauliza kama yule mbwa ameonekana.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika yote, ili ajaye ajue.

Saa nne kamili soko limejaa. Bwana Mashine kaweka vibao vyake juu ya meza: vyeupe, vimenyooka, herufi nyembamba. Mwenyekiti akavisoma kama mtu anayesoma karatasi ya dawa. Akasema sawa.

Zamu yangu. Sikuleta vibao tayari, nimegonga papo hapo. Pu, pu, pu, pu, pu: MAYAI! Watu wakasema aaah. VIATU! MAUA! MIWA! VAA! Zimekaa pale na vitambi vyao na vijicho vyao, zinawacheka watu na watu wanazicheka. Muuza mayai kakumbatia kibao chake na rangi ikiwa bado mbichi, sasa ana MAYAI kifuani. Hata Mwenyekiti midomo ilicheza. Nilimwona. Nilishaanza kujipangia namna ya kumrudishia shemeji aproni bila kumkejeli sana.

Halafu Mwenyekiti akasema neno moja zaidi, achague mtu yeyote. Kisu kikainuka nyuma ya umati.

SAMAKI, akasema yule dada.

Nikamuuliza kama hafikirii tena VITU VYA MTO. Nikachovya S. Nikasema moyoni labda leo. Pu.

Si leo. S ikaangalia ukutani. A, M na A zikatoka vizuri, Mungu azibariki. K ikanipa mgongo mbele ya watu wote. Kicheko kilichotoka pale, nadhani paa jipya limepata jaribio lake la kwanza.

Mmoja tu hakucheka. Shemeji alikuwa ameinama juu ya kibao, pua karibu iguse M. Akaenda kwenye MAYAI, akaangalia M. Akaenda kwenye MAUA. Kwenye MIWA. Kila M ina nyota. Akanyoosha mgongo polepole, akaninyooshea kidole, akawatangazia watu: "Mbwa ndiye huyu hapa!"

Ikabidi nieleze. Mke wangu akanisikiliza mpaka mwisho, akaangalia miguu yake, akaangalia herufi, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka vyooni: soli ina pande mbili, baba, na wewe umekata herufi mpaka ng'ambo. Kwa nini hukuigeuza tu kabla ya kuibandika?

Soko zima likaguna kukubali, kama vile wote wamezaliwa wakichonga ndala. Fundi viatu akaongeza kwamba aliniuliza kuhusu gundi, tena vizuri tu.

Nilikuwa nimeshaanza kukusanya vitu vyangu. Bwana Mashine akasogea, akapiga picha ile S kwa simu, akagusa kioo mara moja. Akamwonyesha Mwenyekiti. Nikachungulia kwa nyuma. S yangu! Imegeuka, imenona, inacheka, na jicho lake mahali pake. Sijawahi kuona herufi nzuri hivyo, na aliyeipeleka pale ni yule kijana, kwa kidole kimoja.

Mwenyekiti hakuchukua muda. Herufi ni za mzee, mashine ni ya kijana, vibao arobaini, tufanye pamoja au tuondoke pamoja. Na anataka namba pia, moja hadi arobaini, kila kibanda na yake, kwa Kibonge hichohicho. Jumanne saa nne aone tarakimu zote kumi. Zikikosewa, anarudi kwenye zile nyembamba, na mimi najua pa kwenda.

Shemeji akasema kwamba hata yeye anajua. Aproni ataiacha kwetu mpaka Jumanne.

Muuza samaki amekichukua kile kibao kibovu. Amekitundika. Anasema watu wanasimama kukishangaa, na mtu akishasimama, amenunua.

Jumapili, 10 Agosti

Nimepumzika. Mke wangu haongei na mimi ila kupitia binti zetu. Mdogo kaja kuniambia mama anasema chakula tayari, na pia anasema pa, pa, pa.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeshinda na Bwana Mashine ofisini kwake, chini ya feni. Si kijana mbaya. Feni ni nzuri.

Amenieleza utaratibu. Mimi nagonga herufi kwenye karatasi, yeye anaziingiza kwenye mashine, na mashine ameshaipanga igeuze kila kinachoingia. Kumi zilizo tiifu zikigeuzwa hazidhuriki, kumi na nne zilizoasi zinanyooka. Kwa hiyo na hizi tarakimu, mzee wangu, zichonge vilevile kama ulivyochonga mwanzo, zikikutazama wewe. Usibadilishe kitu. Ameniambia mara tatu. Mara ya tatu alinishika bega.

Nimemwitikia ndiyo, ndiyo. Maskini, anaona haya kunisahihisha mtu mzima. Ananihurumia, anataka nirudie kosa ili yeye alifiche na mashine yake. Mimi si wa kurudia kosa mara mbili! Soko zima lilinicheka Jumamosi kwa sababu sikugeuza. Leo nimegeuza. Sufuri na nane ni zilezile hata ukizigeuza, lakini moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, tisa, zote nimezichonga kinyume kabisa, kwa kioo cha mke wangu, kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia tangu niache shule. Zikigongwa zinatoka zimenyooka kama askari. Kesho mashine yake haitakuwa na kitu cha kurekebisha. Natamani niuone uso wake.

Gundi nimechukua ileile. Fundi viatu aliuliza kama nina uhakika. Nikamwambia mara hii nataka mpaka wajukuu washindwe kuzibandua.

Na upande wa nyumbani pia nimefikiria mbele. Kelele zote za wiki iliyopita ni kwa sababu kila mtu alibaki na ndala moja. Hata shemeji, Jumamosi jioni, aliileta ya kwake iliyobaki ishuhudie, akaiacha mlangoni kwetu. Nimeketi nimelitafakari hilo, na nimelimaliza. Safari hii nimechukua za kulia. Sasa hakuna atakayelalamika kwamba amebaki na moja.